Siku ya Kurekodi Ndiyo Somo la Kwanza

Haya ni maneno niliyosema hapa Mwanza mbele ya maafisa usalama wa viwanda, wenye mitumbwi, mafundi wa karakana za meli na vijana wanaopiga video. Wengi walioalikwa walikuwa zamu, wakaomba hotuba iandikwe yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za asubuhi. Mwangaluka!

Asanteni sana. Naona humu ndani wapo watu wa minofu, wapo watu wa pamba, wapo wa ziwani, na wapo waliotoka Geita alfajiri wakapita juu ya daraja pale Busisi, mahali ambapo zamani mngekuwa bado mmekaa mnasubiri kivuko. Karibuni wote.

Nimeombwa nizungumze juu ya kutengeneza video za mafunzo ya usalama katika sehemu za hatari. Nadhani wengi mlitegemea nianze na kamera: ipi nzuri, bei gani, inastahimili maji au la. Kamera nitaigusa. Lakini kwanza nijibuni swali moja. Video ya usalama inaanza kufundisha lini? Siku inapoonyeshwa ukumbini? Siku kijana mpya anapokalishwa mbele ya televisheni ofisini kabla ya kukabidhiwa gambuti?

Hapana, ndugu zangu. Inaanza kufundisha siku mnapoingia kurekodi. Siku ile zamu nzima inawatazama. Wanaangalia kama mpiga picha amevaa kofia ngumu au ameishika mkononi. Wanaangalia kama meneja anayewasindikiza amepita chini ya mzigo unaoning'inia. Wanaangalia kama mashine imezimwa kweli, au imepunguzwa mwendo tu ili picha itoke vizuri. Wakishaona hayo, somo wameshalipata. Video mtakayowaletea baada ya mwezi mmoja ikisema tofauti na walichokiona, wataamini walichokiona. Nani kati yetu asingefanya hivyo?

Sasa nianze na upepo.

Kiko kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kwenye ufukwe huu. Jina lake halihusiani na ninachotaka kusema. Kilikuwa na video iliyonunuliwa nje ya nchi. Picha safi, sauti safi, tafsiri ya Kiswahili imewekwa chini kwa maandishi. Inaonyesha amonia, ile gesi ya sumu ya kupozea, inavuja kwenye chumba cha mitambo ya baridi, king'ora kinalia, watu wanatoka kwa utaratibu hadi kwenye kibao cha kijani cha mahali pa kukusanyikia. Wafanyakazi wote walishaitazama na wote walitia saini.

Tulipokwenda kuandaa video yao mpya, tulimuuliza mama mmoja wa meza ya kuchuna ngozi, mkongwe pale kiwandani: mama, amonia ikivuja sasa hivi, unakimbilia wapi? Akafuta kisu chake, akakilaza, akatujibu: "Ni mchana au usiku?"

Meneja alimgeukia. Mama akaeleza, taratibu kabisa, kwamba mchana upepo unatoka ziwani unakuja mjini, na usiku unageuka, unatoka nchi kavu unakwenda ziwani. Mume wake ni mvuvi, na wavuvi wote wanaijua habari hiyo, kwa sababu nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji na hupoa upesi kuliko maji. Kile kibao cha kijani kilikuwa upande wa mjini, nyuma ya chumba cha mitambo. Maana yake mchana kweupe, king'ora kikilia, watu wote wangekwenda kusimama palepale ambapo upepo ungeipeleka gesi.

Mmelisikia hilo? Miaka yote ile video ilikuwa inawafundisha kuifuata amonia.

Yule mama ndiye tuliyemrekodi. Hatukumpa karatasi ya kusoma. Alisimama uani akaonyesha kwa mkono bendera ya upepo iliyofungwa juu ya paa wiki ileile, akasema: tazama hii kwanza, kisha ondoka kwa ubavu wa upepo, usiupe mgongo ukakimbia nao. Kiwanda kikaweka sehemu mbili za kukusanyikia. Hakuna video ya kununua nje ambayo ingeweza kuujua upepo wa Mwanza. Ndiyo maana nasema turekodi hapa, kwenye sakafu zetu, na watu wetu, kwa Kiswahili chetu chenye lafudhi ya Kisukuma, Kikerewe na Kijita. Mfanyakazi akiiona mashine anayoigusa kila siku, anaamini.

Lakini kurekodi hapa maana yake ni kuingiza watu na vyombo mahali penye hatari, na hapo ndipo vijana wangu wa video mnifuate kwa makini.

Amonia ni nyepesi kuliko hewa, ila ikitoka kwa wingi ikiwa baridi hutambaa chini. Ikifika kati ya asilimia 15 na 28 ya hewa ya chumba, inaweza kulipuka. Kamera yako ya kawaida, taa yako, simu yako, betri yako, maiki yako isiyo na waya: hakuna hata kimoja kilichotengenezwa kwa ajili ya chumba chenye gesi inayowaka. Viko vifaa vilivyothibitishwa kwa maeneo hayo, vina alama yake na bei yake ni kubwa. Kama huna, huingii. Kama fundi wa pale hajapima hewa kwa kipimo cha gesi, huingii. Unasubiri siku ya matengenezo mtambo ukiwa umesimama na umesafishwa, au unasimama nje ya eneo na lenzi ndefu. Hilo halina mjadala.

Jambo la pili: kamera inampofusha anayeishika.

Anayeangalia kwenye kioo cha kamera haoni pembeni. Anayerudi kinyumenyume kumfuata mtu anayetembea haoni nyuma. Mwenye visikizio masikioni anasikia sauti ya maiki vizuri sana, lakini hasikii foklifti inayorudi nyuma. Watu watatu mahiri, kila mmoja amepoteza kiungo kimoja cha kujilinda, na wamesimama katikati ya ghala.

Ndiyo maana katika timu yangu yupo mtu ambaye kazi yake ni moja tu: kumlinda mpiga picha. Habebi stendi, haangalii taa, hashiki simu. Mkono wake uko kwenye mkanda wa mpiga picha. Siku moja kwenye ghala la pamba foklifti ilikata kona na robota mbili mbele, dereva haoni kilicho chini. Mlinzi wetu, binti mdogo wa mwili, akamvuta mpiga picha kwa mkanda mpaka wote wawili wakaketi chini. Picha iliharibika. Vijana wa ghalani walipiga makofi, na jioni nilimsikia msimamizi wao akiwauliza: "Na sisi, nani anatushika mkanda?" Kesho yake dereva yule alipewa mtu wa kumwongoza mbele. Hayo yote yalitokea kamera ikiwa imeshazimwa, hayakurekodiwa, lakini somo lilikuwa limeshaingia.

Nitawapa kisa kingine, na hiki ni cha kusikitisha. Februari 20, 2014, huko Georgia nchini Marekani, kikundi cha watengeneza filamu kilipanda kwenye daraja la reli juu ya mto. Hawakuwa na ruhusa ya shirika la reli kuwa kwenye njia ile. Waliweka kitanda kwenye reli kwa ajili ya tukio lao. Treni ya mizigo ikatokea. Muda wa kukimbia haukutosha. Msaidizi wa kamera, binti wa miaka 27, alifariki, na wengine kadhaa walijeruhiwa. Mwaka 2015 mwongozaji alikiri kosa mahakamani na akafungwa.

Kwa nini nawaletea habari za mbali hivyo? Kwa sababu nawasikia vijana hapa wanasema, "kaka, tunaingia dakika mbili tu, tunatoka." Reli ipo hapa. Bandari ipo hapa. Dakika mbili ndizo zilizoua kule. Kibali hakiombwi ili karatasi ikae kwenye faili. Kinaombwa ili mwenye eneo ajue upo, asimamishe anachopaswa kusimamisha. Na kama mnarusha droni, vibali vya droni vina utaratibu wake kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Fuateni, nisipoteze muda hapo.

Kabla sijaacha kamera, neno kwa wanaorekodi kwenye vyumba vya samaki walioganda. Mle ndani ni nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, nje joto la ziwa. Ukitoka tu, lenzi inapata ukungu, unainamisha kichwa kuifuta, na miguu yako iko kwenye sakafu yenye maji na mafuta ya samaki. Ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado ndani, iache ipate joto polepole. Unyevu utashika kwenye mfuko, na macho yako yatabaki kwenye sakafu.

Sasa tuje kwenye matangi. Hapa naomba utulivu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa wawiliwawili.

Karakana moja ya meli ilitaka video ya kuingia kwenye tangi. Walitaka tuonyeshe mtu anazimia ndani, mwenzake anaona, anakimbilia kumwokoa. Wakatuambia tangi lipo, limepakwa rangi jana, ingieni. Jamani, tangi lililopakwa rangi jana! Mvuke wa rangi umejaa, hewa haizunguki, na sisi tuingie na taa za umeme. Nikamwomba fundi mkuu kipimo cha hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21; chini ya 19.5 hairuhusiwi kuingia bila chombo cha kupumulia. Kipimo hakikuwepo. Basi tukamwomba atukatie tangi bovu lililokuwa uani, ubavu mmoja wote uondolewe. Mafundi walikata asubuhi. Mchana tukarekodi tukiwa nje kabisa, jua na upepo vinapita, na kwenye picha mtazamaji anaona giza la tangi tu.

Tena kabla ya kurekodi tukakubaliana neno. Mtu anaigiza kuzimia. Je, akizimia kweli tutajuaje? Akipiga kelele ya kuomba msaada, si ndivyo alivyoambiwa aigize? Kwa hiyo neno letu lilikuwa "si maigizo". Akilitamka mtu yeyote, hata mfagiaji aliyesimama pembeni, kila kitu kinasimama. Tulilifanyia zoezi mbele ya mafundi wote. Naomba kila timu iliyomo humu iwe na neno lake.

Na kwa nini tangi? NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa kazini, ilitoa tahadhari mwaka 1986 ikasema zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye sehemu finyu za aina hii ni wale walioingia kuokoa. Kwa hiyo video inayoonyesha shujaa anaruka ndani ya tangi inafundisha kifo cha pili. Sisi tulimrekodi mlinzi wa mlango wa tangi akifanya kitu kigumu kuliko kuruka: akibaki nje. Anapiga king'ora, anazungusha winchi iliyofungwa kwenye mkanda wa aliye ndani, anaita kikosi cha uokoaji. Fundi aliyeigiza alituambia mikono ilimtetemeka ingawa alijua ni maigizo, kwa sababu mwili unataka kuingia.

Sisi watu wa Mwanza tunalijua jambo hili kwa uchungu. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipopinduka, watu walikuwa bado hai ndani yake. Likatobolewa tundu kwa nia njema kabisa ya kuwatoa. Hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, na meli ikazama. Kuokoa ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa kabla ya siku yenyewe. Ndiyo sababu ya kazi hii yetu.

Na kwa kuwa nimetaja msiba, niseme kitu kinachoniuma. Kuna watengeneza video wanaodhani mtu hujifunza kwa kuogopeshwa. Wanaweka picha za maiti, wanaweka muziki wa kutisha. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara. Kilikuwa kivuko cha abiria 101, kikabeba zaidi ya mara mbili ya hao. Watu 228 walikufa. Nimekaa kwenye kikao ambapo mtu alipendekeza tuweke picha za miili ile kwenye video ya abiria wa vivuko. Nikamuuliza: unajua nani atakuwa amekaa kwenye benchi la mbele siku ya kuonyesha? Kule Ukerewe atakuwa mjane. Atakuwa mtoto wa marehemu. Ataangalia chini video nzima, na kile ulichotaka akione, jinsi ya kuhesabu abiria na kukataa kupanda kivuko kilichojaa, hatakiona. Tuonyesheni kitendo sahihi. Tuonyesheni mkono ukifunga mkanda wa boya. Uchungu watu wetu wanao tayari.

Hilo la boya linanipeleka kwenye kisa changu cha mwisho, nacho nitakaa nacho kidogo.

Mwenye mitumbwi ya dagaa alitaka video ya wavuvi wake. Dagaa huvuliwa usiku, siku za giza, kwa taa. Na dhoruba nyingi za ziwa hili nazo hutokea usiku. Kazi ya maana kabisa. Tulipofika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, jioni tukakuta maboya ya kuvaa, rangi ya chungwa, mapya, mengine bado yamo kwenye nailoni. Wavuvi wameyavaa, wamejipanga. Nikaanza kutazama mahali pa kuweka kamera. Mzee mmoja mvuvi akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, haya yanarudi dukani saa ngapi?"

Yalikuwa yameazimwa.

Fikirini, ndugu zangu. Wale wavuvi walikuwa wanafundishwa nini usiku ule? Kwamba uhai wao una thamani kamera ikiwepo. Tungerekodi, video ingekuwa nzuri sana, na hakuna mvuvi hata mmoja ambaye angeiamini tena, wala hii wala nyingine yoyote.

Nilimwita mwenye mitumbwi, tukakaa juu ya gogo, nikamwambia: bwana mkubwa, tutarekodi kilichopo. Hakufurahi. Kilichopo kilikuwa madumu. Wavuvi hufunga madumu matupu ya lita ishirini ndani ya mtumbwi. Dumu lililofungwa vizuri kifuniko linaweza kuelea na uzito wa karibu kilo ishirini ndani ya maji, na mtu mwenye fahamu akilikumbatia linamsaidia. Lakini akipoteza fahamu halimshiki, na kichwa chake halikiinui. Basi tukarekodi vyote viwili. Mzee yule alionyesha dumu: lifungwe wapi ili mkono ulifikie gizani, kifuniko kikazwe vipi, kamba iwe ndefu kiasi gani. Kisha akavaa boya, akaruka kwenye maji ya kifuani, akalegeza mwili wote, na kamera ikaonyesha uso wake unabaki juu. Akalivua, akashika dumu, akalegeza mwili tena. Hakuhitaji kusema neno. Maboya mwenye mitumbwi aliyanunua baadaye, kidogo kidogo.

Na sisi wa kamera? Tulikuwa kwenye mtumbwi wetu, haukufungwa na wa wavuvi. Boya juu ya nguo zote, mkanda wa kamera juu ya boya na unafunguka kwa kidole kimoja, kwa sababu kamera ya kilo mbili shingoni itakuvuta chini. Taa zetu hazikuelekezwa usoni mwa wavuvi, maana macho yaliyozoea giza yakipigwa mwanga hayaoni kwa muda. Tuliangalia utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka. Wingu lilipoonekana upande wa visiwani tulirudi, na kazi tukaimalizia usiku mwingine.

Naomba niseme na wenye viwanda kwa ufupi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003, inawalinda pia watu wasio wafanyakazi wako dhidi ya hatari za shughuli zako. Mpiga picha ni mmoja wao. Mpe mafunzo ya kuingia kama unavyompa kibarua mpya. Mashine ikizimwa na kufungwa kwa kufuli ili irekodiwe, mpiga picha naye aweke kufuli lake kwenye swichi na ufunguo ukae mfukoni mwake. Mkitaka picha ya mkono karibu na roli zinazozunguka za mashine ya pamba, mkono utarekodiwa mashine ikiwa na makufuli, roli zitarekodiwa zikizunguka kutoka nyuma ya kinga, na mhariri ataviunganisha. Mkono na roli havina haja ya kukutana kamwe.

Na mfanyakazi aulizwe. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; sura ya mtu ni yake. Asiyetaka kurekodiwa asipoteze zamu, wala asiitwe mkaidi. Aliyeumia asilazimishwe kuonyesha kovu lake.

Nina ombi moja kwa mameneja mliomo humu. Kila kiwanda kina siku za mwaka ambazo mitambo inasimama kwa matengenezo. Hizo ndizo siku salama za kurekodi, na mara nyingi sisi tunaitwa baada ya hapo, mtambo umeshawashwa, tunaambiwa tufanye haraka. Leo kabla ya kuondoka, naomba kila meneja aandike tarehe zake za matengenezo kwenye daftari lililopo mlangoni. Maafisa usalama, wasindikizeni mpaka pale. Vijana wa video, chukueni tarehe hizo, mwende kwanza bila kamera, mkae zamu moja nzima mkitazama na kuuliza.

Sasa maswali. Dada wa kule nyuma, uliyenyoosha mkono, karibu kwenye maiki.